Risasi Tano Chini ya Finjani Moja

Jumapili, 2 Novemba

Baba Mkwe ametangaza. Harusi ya binti yangu Bashayer ni Alhamisi ya tarehe ishirini na saba, na ile bunduki ya kale ya babu zake itabebwa mbele ya razha, ngoma ya wanaume, kama kawaida ya ukoo wao. Haijalia miaka mingi, lakini anayeibeba ndiye anayetazamwa. Swali ni nani ataibeba. Mimi nilidhani hilo si swali. Mimi ndiye baba wa bibi harusi.

Baba Mkwe, Bwana Sleyum, ambaye hajawahi kulitaja jina langu bila kuguna kwanza, anasema bunduki ile haibebwi na mtu ambaye mkono wake haujulikani. Kwa hiyo kutakuwa na mashindano ya shabaha. Ijumaa ya tarehe kumi na nne, shambani kwake Seeb, kwa bunduki yake ya upepo yenye kibali. Washindani ni wakwe zake wawili: mimi, Amur, na mwanyumba wangu Thabit, aliyemuoa mdogo wa mke wangu.

Sharti ni risasi tano. Hataki mtu wa bahati, anayepiga katikati mara moja na nne zikaenda kwa jirani. Anataka zote tano zikae mahali pamoja, afunike matundu yote kwa finjani moja ya kahawa. Akanyanyua finjani yake kutuonyesha. Ndogo mno.

Thabit akasema inshallah kheri, akachukua kipande kingine cha halwa. Huyo ndiye Thabit. Mnene, mtulivu, hana mpango wa kitu chochote, na kila kitu humwendea. Alinunua kiwanja chake hapa Mabela, Maskati, kwa kukosea namba. Leo barabara imepita mbele yake.

Nimejiona siku ya harusi: wanaume wote wamejipanga, Thabit mbele na bunduki, na mimi nyuma mikono mitupu, nauliza watu kama wamepata maji. Siwezi. Nitakufa nimesimama.

Lakini nina mpango. Bunduki ni ile ile moja, shabaha ni ile ile. Tofauti ni risasi tu, na kila mtu ameruhusiwa kuja na zake.

Jumatatu, 3 Novemba

Leo sikufanya kazi. Wizara haikuona tofauti. Nimekaa ofisini Al Khuwair nikisoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Wazee wa Ulaya, kila mmoja na kibanda chake nyuma ya nyumba, wanasema jambo moja: siri si jicho wala mkono, siri ni usawa. Wanaojaza wenyewe risasi za bunduki kubwa hupima mpaka punje ya baruti. Sisi hatuna baruti, alhamdulillahi. Bunduki ya upepo hula virisasi vidogo kama pilipili manga, vyenye kiuno. Baba Mkwe huviita marisaa. Vinatoka kwenye kopo, na watu wajinga kama Thabit huvitia bundukini hivyo hivyo, bila kuvijua tabia. Mwenye akili huvipima kimoja kimoja, akachagua vinavyofanana.

Jioni nilipita Ruwi nikanunua kopo la marisaa, kisha kibano cha sonara. Muuzaji aliniuliza kama nimefungua duka la dhahabu. Nikamwambia dua yako.

Mizani ninayo. Yaani, Nasriya anayo. Mke wangu huuza udi na bukhuri hapa nyumbani, na mizani yake husikia hata pumzi. Nilimwomba. Alisema nichukue, ila nikumbuke kitufe cha nyuma cha kubadilisha kipimo: yeye udi huupima kwa tola na bukhuri huipima kwa gramu, na kipo cha tatu asichokitumia, kwa hiyo kila nikitumia niangalie kwanza. Nilimsikiliza nusu. Nusu nyingine nilikuwa naitazama mizani, ilivyo nzuri.

Jumanne, 4 Novemba

Siku ya furaha. Nimepima kopo zima mezani, kwa kibano, feni imezimwa, nimeshika pumzi. Vingi vimesoma 0.53. Vichache 0.54, vichache 0.52. Nimevigawa katika bakuli tatu: wazito, wepesi, na wa katikati. Wa katikati ndio wateule. Niliwatazama muda mrefu. Sijawahi kuwa na kundi la watu wanaokubaliana namna hii.

Nasriya alipita akauliza chakula cha usiku nitakula mezani au nitakula kwenye mkeka. Nilikula kwenye mkeka.

Jumatano, 5 Novemba

Sielewi.

Nimerudi kutoka kazini nikawapima tena wateule, kuhakikisha tu. Wamesoma 0.045. Wote! Jana walikuwa zaidi ya nusu, leo hawafiki hata moja ya kumi. Nikafikiri nimekosea bakuli. Nikapima wazito. Nao vile vile. Wamekonda usiku mmoja, wazito kwa wepesi.

Hakuna aliyewagusa. Nasriya alitumia mizani asubuhi kupimia udi wa mteja wa Sohar, na kweli vumbi la udi lilikuwa bado kwenye sahani, lakini vumbi huongeza uzito, halipunguzi. Nimefikiria kiyoyozi. Chumba kile kinakausha hata midomo. Inawezekana kimewanyonya. Nimefikiria pia kijicho. Thabit alipiga simu jana kunisalimia bila sababu.

Nimekizima kiyoyozi. Nimesoma Falaq. Nitaona kesho.

Alhamisi, 6 Novemba

Wazee wa Ulaya wanasema risasi zioshwe, zina uchafu wa kiwandani. Nimezitia kwenye chujio la chai, nikaziosha kwa sabuni ya vyombo. Stefania, dada anayetusaidia kazi, mtu wa Moshi, aliingia jikoni akasimama. Aliuliza kama hizo ni pilipili manga za kisasa. Nikamwambia ni siri. Akasema sawa bosi, ila chujio asiulizwe yeye. Nasriya alipoona alilitupa jaani, akaninyooshea kidole.

Nikaipangusa na mizani, mbele, nyuma na pembeni, nikapima. 8.2.

Nimekaa kitini. Jana 0.045, leo 8.2. Ni risasi ile ile, naijua kwa sura. Kisha nikaelewa: zimekunywa maji. Juzi zilikuwa za kawaida, jana kiyoyozi kimezikausha, leo zimeshiba. Hakuna mzee hata mmoja wa Ulaya aliyeandika habari hii. Labda kwao hakuna joto la Maskati.

Nimechukua mashine ya Bashayer ya kukaushia nywele. Nimezipuliza mpaka mkono ukafa ganzi. 8.2. Zina kiu kubwa hizi.

Ijumaa, 7 Novemba

Uamuzi: zikae mahali ambapo hali haibadiliki. Friji. Nikatafuta chombo chenye kifuniko kizuri, nikapata bakuli tupu la halwa, nikawatia wateule, nikafunika.

Saa kumi akaja Baba Mkwe, na Thabit, na wake na watoto wao. Sikuwa na habari. Nasriya akamwambia Stefania alete halwa iliyoko kwenye friji. Nilikuwa chooni. Natoka, naona bakuli liko mbele ya Baba Mkwe, na mkono wake umeshafungua kifuniko, na kidole kimeshachovya.

Alitazama kidole. Kulikuwa na kirisasi kimoja juu ya ukucha. Akasema halwa ya Mabela siku hizi inaiva sana. Thabit akacheka mpaka akashika mbavu. Akaniuliza, kwa upole, ule upole wake unaoudhi, kwa nini nimeziweka baridi. Nikasema joto linazikondesha. Akafikiri. Akasema yeye hakujua kama zinakonda, angejua angezila.

Walikaa mno. Mwisho Nasriya akatoa chetezo, akawapitishia udi. Kwetu hilo ndilo neno la kwaheri: baada ya udi hakuna kukaa. Wote wakajifukiza kanzu na kilemba wakainuka. Thabit alibaki kumalizia mkate wa ufuta.

Jumamosi, 8 Novemba

Baba Mkwe alituita shambani kwa majaribio. Nilikwenda na wateule ndani ya kasha la barafu. Nilikuwa nimetulia. Nilikuwa na sayansi.

Nikapiga tano. Baba Mkwe akaja na finjani, akaitazama karatasi yangu, akairudisha finjani mezani. Akachukua sahani. Akaitazama tena karatasi. Akamwagiza mtu ndani alete sinia ya wali.

Thabit akachukua virisasi kutoka kopo lake, lililokuwa ndani ya gari tangu kiangazi, pamoja na maganda ya karanga. Akasema bismillahi. Tano zake zilikaa karibu karibu. Moja tu ilichungulia nje ya finjani, kidogo. Alisema alipiga chafya.

Sielewi kitu. Zangu ni safi, zimechaguliwa, zimelala baridi. Zake zimekaa na karanga.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimepata. Wazee wa Ulaya wamemaliza maarifa yao, nikahamia kwa Waarabu. Kuna bwana mmoja kwenye simu, sauti nzuri, ndevu zimechanwa. Anasema kosa la wengi ni kuosha risasi kisha kuziacha kavu. Risasi kavu hukwaruza mtutu, kila moja ikaenda kwa hasira yake. Dawa, alisema, ni kuzipaka dihni nyepesi, tone tu, zote ziteleze sawasawa.

Dihni. Nyumbani kwetu dihni ni moja. Iko mezani kwa Bashayer, kichupa cha marashi ya dihni ya udi alichonunuliwa na mama yake kwa ajili ya siku yake, na bei yake nimeapa kutoiandika. Nilishangaa kidogo kwamba mabwana wa shabaha wana mikono mikunjufu hivyo. Lakini ndivyo ilivyo, kitu kizuri hakiji kwa mafuta ya taa. Na nilifikiri: kwa tone moja hakuna atakayejua.

Tone moja halikutosha. Zilikuwa nyingi. La pili nalo likaenda upande mmoja. Kisha kichupa kikateleza, maana sasa vidole vyangu navyo vilikuwa na dihni. Nimekifunika vizuri. Kimebaki na unyevu.

Risasi zinang'ara. Chumba chote kinanukia kama mlango wa peponi. Nimefungua madirisha, nikamwambia Nasriya nimejaribu sabuni mpya.

Alhamisi, 13 Novemba

Kesho kuna mengine. Wakwe watarajiwa wanakuja shambani kwa Baba Mkwe baada ya sala ya Ijumaa, kukamilisha mambo ya harusi. Atakuja bwana harusi Muatasim, na baba yake, na babu yake Bwana Sinan, mzee mwenye heshima ambaye husemwa alivunja uchumba wa watu kwa sababu kahawa ilichelewa. Mbuzi wa shuwa, wa kuokwa shimoni, ameshafukiwa tangu jana. Baba Mkwe anataka shabaha ifanyike nyuma ya nyumba wakati wali unapakuliwa, aje kuwatangazia wageni nani atabeba bunduki.

Usiku Bashayer alikuja kukaa nami. Alisema yeye hajali nani atabeba nini, anataka tu nisigombane na Thabit, na niwepo mahali atakaponiona. Nikamwambia ndiyo maana nafanya haya yote, anione mbele. Akanibusu mkono, akasema mkono wangu unanukia vizuri sana.

Sikulala vizuri.

Ijumaa, 14 Novemba

Naandika kwa mpangilio ili nielewe mwenyewe.

Wageni walifika, wakaketi barazani, madirisha wazi, hali ya hewa nzuri. Muatasim akabaki na babu yake. Baba Mkwe akawaomba radhi kidogo, akatuchukua mimi na Thabit nyuma ya nyumba. Thabit akaanza. Tano, puu, puu, kama mtu anayetema kokwa za tende. Baba Mkwe akafunika matundu kwa finjani. Hakuna lililoonekana. Thabit mwenyewe alishangaa, akauliza kama kweli zote zimefika.

Zamu yangu. Nikatia mteule wa kwanza. Nikashika pumzi. Nikafyatua.

Bunduki ya upepo haina baruti. Hili nalijua, nimelisoma. Lakini ilipasuka kama ya vita, na moshi ukatoka mtutuni, mweupe, mzito, unanukia udi. Nilibaki nimesimama ndani ya moshi. Risasi ilikuwa imepiga pipa la maji.

Nilipaswa kuacha. Lakini sharti lilikuwa tano. Ya pili ililia kubwa zaidi na moshi ulikuwa mwingi zaidi, na ikaenda kwenye papai. Ya tatu haijaonekana mpaka sasa. Ya nne sikuipiga, kwa sababu tulisikia milango ya magari.

Upepo ulikuwa unakwenda barazani. Wageni walikuwa wameketi, hawajaletewa hata kahawa, wakasikia harufu ya udi mzuri ikiingia madirishani, moja kwa moja, wimbi baada ya wimbi. Wakatazamana. Bwana Sinan alikuwa wa kwanza kuinuka. Alimwambia Mama Mkwe wangu kwa adabu kubwa kwamba wamefahamu, baada ya udi hakuna kukaa, na wanashukuru kwa makaribisho. Walipokuwa wanavaa viatu Muatasim alijaribu kusema kitu. Babu yake akamwonyesha gari.

Wakaondoka bila kula. Mbuzi mzima alibaki sinia kwa sinia.

Baba Mkwe alisimama mbele yangu. Yeye husema pole pole, kama watu wa Unguja wa zamani. Alisema, "Weye Amur, nna miaka thamanini. Nnajua mtu hufukiza wageni, na nnajua mtu hufukuza wageni. Sijapata kuona mtu akafanya yote mawili kwa bunduki."

Bado najiuliza moshi ulitoka wapi.

Jumamosi, 15 Novemba

Siku mbaya kuliko zote. Habari imekuja kwamba Bwana Sinan amesema nyumbani kwake kuwa watu wa Seeb hawaitaki harusi, wamesema kwa udi yale waliyoshindwa kusema kwa mdomo. Bashayer amejifungia chumbani. Nasriya alipoingia kumbembeleza alikiona kichupa. Alitoka nacho mkononi, akakiweka mbele yangu juu ya meza, kitupu. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Nilijieleza. Nilisema yule bwana wa Kiarabu alisema dihni. Nasriya akasema, kwa sauti ya chini, kwamba dihni kwa Waarabu ni mafuta yoyote, hata ya cherehani, na kwamba kichupa cha mafuta ya cherehani kiko kwenye droo ile ile ya mizani.

Nilikwenda kusimama nje ya mlango wa Bashayer. Nilimsikia analia. Sikubisha hodi. Nilitaka kumwambia kitu lakini kila kitu nilichokuwa nacho kilikuwa kuhusu risasi. Niliona aibu, kwa kweli niliona aibu.

Jioni Baba Mkwe alinipigia simu akasema nivae kanzu safi na joho, tunakwenda Al Khuwair, nyumbani kwa Bwana Sinan, kuomba radhi.

Jumapili, 16 Novemba

Jana usiku sikuweza kuandika kwa ajili ya kahawa. Moyo ulikuwa unapiga kama ngoma.

Bwana Sinan alitupokea bila tabasamu. Kahawa ikaja. Nikanywa finjani ya kwanza. Mtu ukitosheka hutikisa finjani, mmiminaji akapita. Lakini nilifikiri: jana tumewafukuza, leo nikitikisa watasema nataka kuondoka. Sikutikisa. Wakajaza. Nikanywa. Wakajaza. Baba Mkwe alikuwa anaomba radhi kwa maneno mazuri na mimi nilikuwa nakunywa. Mikono ilianza kutetemeka, na nikahofia kutetemeka huko kutahesabika ni kutikisa, nikaishika finjani kwa mikono miwili. Wakajaza tena. Mwisho Baba Mkwe, katikati ya sentensi, bila kunitazama, alinyoosha mkono wake wa kizee, akaushika wangu, akanitikisia finjani.

Bwana Sinan aliona. Akaniuliza mimi mwenyewe nieleze. Nikamweleza yote: bunduki, finjani, usawa, dihni. Nilikuwa na kirisasi kimoja mfukoni, nikampa. Alikileta puani. Alinusa kwa muda mrefu, macho amefumba. Akasema hii ni dihni ya Kambodia, ya zamani, na kuichoma ndani ya bunduki ni dhambi. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka Muatasim akaja mbio na glasi ya maji. Alitaka nirudie pale kwenye papai.

Harusi ipo. Alhamdulillahi, alhamdulillahi. Lakini Bwana Sinan ametoa sharti, na Baba Mkwe alilikubali upesi mno: aliyewafukuza kwa udi, yeye mwenyewe atabeba chetezo siku ya harusi, apitishe kwa wanaume wote, ila baada ya watu kula. Baada ya kula, alirudia, akiinua kidole.

Bunduki anabeba Thabit.

Nilipofika nyumbani nilibisha kwa Bashayer. Nikamwambia wanakuja. Alinikumbatia na mimi nikafuta macho, nikasema ni vitunguu, ingawa hakukuwa na vitunguu.

Jumanne, 18 Novemba

Thabit amepiga simu. Anasema mkono unamuuma, hawezi kubeba bunduki nzito, na kwa kuwa mimi ndiye baba wa bibi harusi, je, nitamsaidia kuibeba? Ameshazungumza na Baba Mkwe, naye hana neno. Chetezo atabeba yeye.

Nikamkatalia. Mtego naujua ninapouona. Mkono haukumuuma Ijumaa. Aliponiambia nifikirie tena, kwa ule upole wake, nikamwambia mimi nimepewa chetezo na Bwana Sinan mwenyewe, na siko tayari kunyang'anywa.

Akasema haya, na niwasalimie watoto. Sijui alikuwa anataka nini hasa.

Jumatano, 26 Novemba

Kesho ndiyo siku. Nasriya ameazima dihni kwa dada yake, na amekifungia kichupa kabatini, ufunguo kifuani.

Mimi nimeitafakari kazi yangu. Watu hudhani kupitisha udi ni kitu rahisi, unatia kipande juu ya kaa basi. Ndiyo maana moshi wa meza ya kwanza huwa mzito, wa meza ya tano mwepesi, na mtu wa meza ya kumi hunusa mkaa. Hakuna usawa. Mbele ya Bwana Sinan hilo haliwezekani. Nimevikata vipande vya udi kwa kisu, nikavipima kimoja kimoja kwa kibano changu, vyote sawa. Juzi usiku kila kimoja kilisoma 0.10. Leo asubuhi vile vile vinasoma 1.17. Basi ni kweli kama nilivyoandika, na sasa nina ushahidi wa pili: udi nao hunywa maji. Nimevipuliza na mashine ya nywele. Haikusaidia, lakini nimejua ninachopambana nacho.

Baada ya isha Bashayer alikuja, mikono imejaa hina, haiwezi kugusa kitu. Alikaa karibu yangu na kunilalia bega kama alipokuwa mdogo. Alisema atakaponisikia nikiingia na udi upande wa wanaume, hata kama hanioni, atajua ni mimi. Kisha akasema ana ombi moja tu, hana jingine. Kesho, baba, usipime kitu chochote. Nikamwahidi. Na ahadi kwa mtoto wako siku ya harusi yake si ya kuchezea.

Kwa hiyo kesho sipimi. Nitajaribu tu. Kidogo, nyuma ya ukumbi, wakati watu wanasubiri chakula, vipande vichache nione kama moshi unatoka sawa. Nimetazama hali ya hewa kwenye simu, na upepo wa kesho ni mwepesi sana, unatoka baharini kwenda upande wa ukumbi.